Kuua mvumo na kuboresha bodi za bei nafuu za amplifaya za klasi D

Ukinunua bodi ndogo ya amplifaya ya klasi D (aina inayokuza sauti kwa kuwasha na kuzima umeme kwa kasi kubwa), ile yenye chipu ya TPA3116D2 au TPA3118D2, unapata chipu nzuri iliyozungukwa na vifaa vya kubania bei. Chipu hizo za Texas Instruments hufanya kazi kuanzia volti 4.5 hadi 26, na TPA3116D2 ikipewa volti 21 husukuma wati 50 kila upande kwenye spika za omu 4, ingawa kipimo hicho huchukuliwa sauti ikiwa imeshaanza kupasuka. Halafu unaiwasha, na kabla muziki haujaanza spika zinavuma.

Wengi hapo hukimbilia kung'oa kapasita na kuweka za bei kubwa. Mvumo unabaki palepale, kwa sababu haukuwa kwenye kapasita tangu mwanzo. Ukifuatilia, mara nyingi utaukuta kwenye njia za graundi (njia ya pamoja ya kurudishia umeme), kisha kwenye geini (kiwango cha kukuza sauti) iliyopandishwa kupita kiasi, kisha kwenye umeme mchafu, na huo ndio mpangilio wa kuushughulikia. Kazi nyingi za mwanzo hazihitaji hata solda.

Kabla ya kugusa chochote

Karibu bodi zote hizi hutoa sauti kwa daraja: kila spika inasukumwa na njia mbili, na hakuna hata moja iliyo graundi. Weka mita kwenye volti za DC, washa bodi kwa volti 24 bila muziki, kisha pima kati ya tundu hasi la spika na graundi. Ikiwa chipu iko kwenye BD, mpangilio wake wa kawaida wa kusukuma njia hizo mbili, utasoma takribani volti 12, na tundu chanya litasoma vilevile. Pima kati ya matundu mawili yenyewe: hapo inatakiwa uone milivolti chache tu. Ukiona volti nzima au zaidi, usifunge spika hiyo, bodi ina hitilafu.

Kwa sababu hiyo usiunganishe hasi ya spika na graundi, usiunganishe hasi mbili za spika pamoja, wala usifunge jeki ya hedifoni ya waya tatu kwenye matundu ya spika. Mwenye osiloskopu naye asibane klipu yake ya graundi kwenye tundu la spika. Hiyo ni shoti.

Jambo la pili halina mjadala: usikate pini ya ethi (waya wa usalama unaokwenda ardhini) ya kifaa chochote ili kuondoa mvumo. Ni kweli mvumo huisha. Lakini siku insulesheni ya ndani ikiharibika, chuma unachoshika ndicho kitakachobeba umeme wa ukutani. Njia salama zipo, na nitazieleza.

Tambua mvumo unatoka wapi

Chukua pini mbili za RCA za zamani, zile za nyaya za muziki, uunganishe katikati na ganda ndani ya kila moja. Hizo ni plagi za shoti. Toa nyaya zote za muziki, chomeka plagi hizo, washa, pandisha volyumu hadi mwisho, weka sikio karibu na spika.

Kama ni kimya, bodi yako ni nzima na kosa liko kwenye nyaya au kwenye chanzo cha muziki. Kama inavuma hata hivyo, ondoa adapta na uilishe bodi kwa betri ya volti 12. Mvumo ukiisha kwa betri, tatizo ni adapta. Usipoisha, lipo kwenye bodi yenyewe: volyumu isiyo na graundi, solda iliyopasuka, au geini kubwa inayokuza kila uchafu ulio jirani.

Sikiliza na aina ya sauti, maana inasema mengi. Mvumo mzito na laini wa Hz 50 au 60, kulingana na gridi ya nchi, huwa ni mzunguko wa graundi au transfoma iliyo karibu na nyaya za kuingiza. Mkwaruzo mkali zaidi wa Hz 100 au 120 hutoka kwenye umeme uliogeuzwa na daiodi na kuchujwa vibaya. Mlio mwembamba unaobadilika ukisogeza kipanya, au Bluetooth inapotafuta simu, ni kelele ya saketi za kidijitali inayopita kwenye graundi ya pamoja. Sauti ya "shii" isiyobadilika ni geini. Mlio wa "ti-ti-ti" unaokuja na simu ni redio ya simu kuingia kwenye waya usio na kinga. Sogeza simu kwanza kabla ya kulaumu bodi.

Jaribio moja linamaliza ubishi mwingi: kama chanzo chako ni laptopu, chomoa chaja yake huku muziki ukiendelea. Mvumo ukikatika papo hapo, umepata mzunguko wa graundi.

Mzunguko wa graundi

Laptopu imeshika ethi kupitia chaja ya pini tatu. Amplifaya imeshika ethi kupitia adapta yake. Waya wa RCA unaunganisha graundi zao mara ya pili, na sasa kuna duara la waya ambamo mkondo wa umeme wa ukutani unatembea. Mkondo huo hupita kwenye ganda la waya wa RCA, na ganda hilo lina ukinzani. Tuseme mkondo ni miliampea 1 na ukinzani, pamoja na viungo vya pini, ni omu 0.5. Hapo una milivolti 0.5 zilizojipachika juu ya muziki. Bodi ikiwa na geini ya desibeli 36 inazizidisha mara 63, na spika inapata milivolti 31. Chumba kikiwa kimya utazisikia bila shida.

Chunguza adapta ya amplifaya kwanza. Ichomoe ukutani, kisha weka mita kwenye kipimo cha mlio na uguse pini ya ethi na upande hasi wa plagi ya DC. Ikilia, hasi imefungwa na ethi ndani ya adapta. Chaja nyingi za laptopu za pini tatu ziko hivyo, na ndizo watu wanazotumia kwenye bodi hizi kwa sababu volti 19 inafaa. Tumia badala yake adapta iliyotengenezwa kuwa ya pini mbili, yenye alama ya mraba ndani ya mraba, inayoonyesha ina insulesheni maradufu. Duara linakatika kihalali, bila kung'oa ethi ya mtu.

Adapta ya pini mbili nayo si malaika. Ndani ina kapasita ndogo kati ya upande wa ukutani na upande wa DC, na huvujisha mkondo mdogo. Ndiyo maana wakati mwingine ukigusa chuma cha kifaa unahisi kitu kinakutekenya. Mkondo ule ukipita kwenye waya mwembamba wa RCA unazaa mvumo uleule, ila mdogo. Tumia waya mfupi wa RCA wenye ganda nene, na pini zisizolegea.

Ukiwa umeweka transfoma ndani ya boksi la chuma, ethi lazima ifungwe kwa skrubu kwenye boksi hilo, ibaki hapo daima. Graundi ya saketi ndiyo unayoitenga kidogo: iunganishe na boksi kupitia resista ya omu 10, sambamba na kapasita ya nanofaradi 100 na daiodi mbili zinazoelekea pande tofauti. Volti ndogo za mvumo zinakutana na omu 10 na kudhoofika. Hitilafu kubwa ikitokea, daiodi zinafunguka na mkondo unakimbilia ethi. Usitumie daiodi ndogo hapa. Wengi hutumia daraja la daiodi la ampea 35, kwa sababu lazima libaki zima hadi fyuzi ikatike. Jeki za RCA nazo zisiguse chuma cha boksi: ziwe na washa za plastiki, la sivyo omu 10 zako zimerukwa na kazi yote ni bure.

Ikishindikana kabisa, transfoma ndogo ya sauti ya uwiano wa 1:1 kwenye njia ya muziki hukata duara lote. Zile ndogo sana hupunguza besi, hivyo chagua yenye mwili. Na kama chanzo kina tundu la mwanga la TOSLINK, nyuzi ya plastiki haipitishi graundi hata chembe.

Kisa cha Bluetooth ni cha peke yake. Watu huchukua volti 5 kutoka umeme uleule wa amplifaya kupitia kishusha volti kidogo, wanalisha moduli ya Bluetooth, kisha wanaunganisha sauti yake kwenye bodi. Graundi zimekutana mara mbili, kwenye umeme na kwenye sauti, na mkondo wa moduli unarudi kwa njia zote mbili. Mlio mwembamba unazaliwa hapo, na kapasita za kuchuja hazitauua. Weka kibadilishi cha DC kilichotengwa, mfano B0505S, kati ya volti 5 na moduli. Kinatoa miliampea 200 hivi, na moduli ya kawaida ya Bluetooth haihitaji zaidi. Graundi ya moduli sasa inakutana na ya bodi kwenye waya wa sauti tu, na ule mlio unatoweka.

Shusha geini

Hii ndiyo kazi yenye faida kubwa kuliko zote kwenye bodi hizi, na gharama yake ni resista mbili. Watengenezaji hupenda geini kubwa ili mteja aone bodi "ina nguvu" akigusa volyumu kidogo. Nguvu haijaongezeka. Kilichoongezeka ni shii na mvumo.

Piga hesabu. Chanzo cha mezani hutoa takribani volti 2. Kwa geini ya desibeli 20, yaani mara 10, zinakuwa volti 20, ambazo kileleni ni 28. Umeme wako ni volti 24. Tayari umevuka uwezo wa bodi ukiwa na geini ndogo kuliko zote. Ukiwa na simu inayotoa nusu volti hadi volti moja, desibeli 26, yaani mara 20, inatosha. Desibeli 32 na 36 ziachie chanzo dhaifu sana. Kutoka 36 kushuka hadi 20, kila uchafu unaoingia mlangoni, pale sauti inapoingilia kwenye chipu, unapungua zaidi ya mara sita.

Kwenye TPA3116D2 hesabu pini kuanzia penye alama ya nukta. Pini ya 7 ni GVDD (umeme mdogo unaotolewa na chipu yenyewe), ya 8 ni GAIN/SLV (inayopanga geini), ya 9 ni graundi. Resista moja inatoka 8 kwenda graundi, nyingine inatoka 8 kwenda 7. Thamani zake ni hizi:

- desibeli 20: kilo-omu 5.6 kwenda graundi, na upande wa GVDD hakuna kitu;
- desibeli 26: kilo-omu 20 kwenda graundi, 100 kwenda GVDD;
- desibeli 32: kilo-omu 39 kwenda graundi, 100 kwenda GVDD;
- desibeli 36: kilo-omu 47 kwenda graundi, 75 kwenda GVDD.

Fuata njia za shaba kwa mita bodi ikiwa imezimwa, hadi uzipate hizo resista mbili. Ni ndogo kama nusu punje ya mchele, kwa hiyo flaksi (dawa ya kusaidia solda itiririke) na kibano ni lazima. Weka solda kidogo pande zote mbili, pasha huku na huku haraka, itelezeshe itoke. Usiivute kwa nguvu, utang'oa kipande cha shaba. Maandishi ya 562 au 5601 ni kilo-omu 5.6, 203 au 2002 ni 20, 104 au 1003 ni 100. Chipu husoma thamani hii inapowashwa tu, hivyo zima, subiri kapasita ziishe umeme, ndipo uwashe tena.

Kuna faida ya ziada isiyosemwa sana. Ukinzani wa mlango wa chipu hupanda geini inaposhuka: kilo-omu 9 kwa desibeli 36, 15 kwa 32, 30 kwa 26, na 60 kwa 20. Volyumu ya kilo-omu 50 inayowekwa kwenye bodi nyingi inateseka ikikutana na mlango wa kilo-omu 9: mzunguko wake unakuwa wa ajabu na pande mbili hazilingani. Weka volyumu ya kilo-omu 10, na ukishashusha geini itafanya kazi vizuri. Mwili wake wa chuma uunganishe na graundi. Ukigusa kirungu na mvumo ukabadilika, ujue hilo halijafanywa.

Bodi zenye aisii ya NE5532 mbele ya chipu zinakuza mara mbili: hapo, kisha kwenye chipu. Kwa chanzo cha kawaida hatua hiyo haina kazi. Iruke kwa kupeleka sauti moja kwa moja kwenye kapasita za kuingilia za chipu. Kuing'oa NE5532 na kuweka aisii ya bei kubwa hakuondoi mvumo hata kidogo, ingawa ndiyo "maboresho" yanayosifiwa kuliko yote.

Umeme

Kapasita za bodi hizi mara nyingi huwa za volti 25 huku zikilishwa volti 24. Badilisha ziwe za volti 35, mikrofaradi 1,000, zenye ukinzani mdogo wa ndani, na zikae karibu kabisa na chipu. Zile ndogo za seramiki zilizo ubavuni mwa pini za umeme ziache kama zilivyo, kazi yao ni ya kasi ya chipu, ambayo huanzia kHz 400.

Ukitaka kutumia transfoma, kuwa makini. Transfoma ya volti 18 za AC, baada ya daiodi na kapasita, hutoa karibu volti 24 ikiwa na mzigo. Bila mzigo hupanda na kupita 26. Kikomo cha chipu kabla ya kufa ni volti 30, na gridi yenyewe haitulii. Chagua ya volti 15, upate kama 20, ulale usingizi. Transfoma ikae mbali na nyaya za kuingiza sauti. Jaribu kuizungusha kabla ya kuifunga: kuna upande ambao mvumo unapungua wazi.

Kwa adapta ya kisasa yenye mlio wa juu, koili ya mikrohenri 10 inayostahimili ampea 5 au zaidi, ikifuatwa na kapasita ya mikrofaradi 1,000, husafisha vizuri. Kwa mkwaruzo wa Hz 100 koili hiyo haifanyi kitu. Hapo adapta imechoka, ibadilishe.

Mlango wa sauti

Chipu ina milango miwili kwa kila upande, chanya na hasi, na hukuza tofauti kati yake tu. Bodi za bei nafuu hupoteza zawadi hii kwa kuufunga mlango hasi kwenye graundi ya bodi kupitia kapasita. Inua mguu wa kapasita hiyo ulio upande wa graundi. Chukua waya wa maiki wenye nyuzi mbili ndani ya wavu wa shaba: uzi mmoja ulete muziki kwenye mlango chanya, wa pili utoke kwenye ganda la jeki hadi kwenye mguu ulioinua. Wavu ufunge graundi upande wa bodi tu. Mwisho weka resista ya omu 10 hadi 100 kati ya ganda la jeki na graundi ya bodi. Sasa kelele iliyo kwenye ganda inaingia milango yote miwili kwa pamoja, na chipu inaifuta. Volyumu ikiwepo, mguu wake wa chini uende kwenye ganda la jeki, usiende kwenye graundi ya bodi.

Kapasita za milango hiyo miwili zilingane. Zikitofautiana, spika itapiga "tup" kila unapowasha, na ule ufutaji utadhoofika. Mikrofaradi 1 za filamu zinatosha kwa geini yoyote kati ya zile nne: kwa mlango wa kilo-omu 30 zinakata chini ya Hz 5 hivi. Bodi zilizokuja na mikrofaradi 0.22 na geini ya desibeli 36 hukata kuanzia Hz 80, ndiyo maana hazina besi.

Koili za kutokea zikichemka sana au besi ikipasuka mapema, zibadilishe kwa za mikrohenri 10 zinazobeba ampea 6 bila kushiba (kiini chake kisifikie kikomo cha sumaku), kwa spika za omu 4. Vinginevyo ziache.

Bodi mbili kwenye boksi moja

Ukiweka bodi mbili, kwa mfano moja ya besi, unaweza kusikia mluzi ambao haukuwepo kila bodi ilipokuwa peke yake. Kila chipu ina saa yake, na tofauti ndogo kati ya saa mbili huangukia ndani ya masafa ya sikio. TPA3116D2 ina dawa yake: unganisha pini za 16 za SYNC za chipu zote mbili kwa waya mfupi, graundi za bodi ziwe za pamoja, na chipu moja uifanye mfuasi kwa kubadilisha resista za pini ya 8. Kwa mfuasi wa desibeli 20 weka kilo-omu 51 kwenda graundi na 51 kwenda GVDD. Kwa desibeli 26 weka 75 kwenda graundi na 47 kwenda GVDD. Zote mbili zitapiga kwa saa moja, na mluzi hautakuwa na pa kutokea.